Magari Mawili na Kiti cha Kushoto

Mwanangu Saada,

Mjomba wako Hemedi amesema leo alasiri, hapa hapa jikoni kwetu Visiga, kwamba hatanunua gari lolote kati ya yale mawili mpaka wewe umwambie ni lipi ungependa kuliendesha. Alilisema huku akimenya chungwa, bila kuniangalia. Nilimwuliza kama anajua kwamba kesho asubuhi unapanda basi la Geita kwenda kuanza kazi mgodini. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja leo.

Wewe ulikuwa umeshakwenda kwa Rehema kusukwa nywele, kwa hiyo hukumkuta. Nimeona nikuandikie badala ya kukusimulia ukirudi, kwa sababu nyumba itajaa majirani wanaokuja kukuaga, na mimi na wewe hatutapata nafasi ya kumaliza hata mazungumzo mamoja ya maana. Tena nikiandika huwa nasema kwa usahihi zaidi kuliko nikizungumza. Habari za sweta, dawa ya malaria na kupiga simu ukifika sitazigusa. Mtaa mzima umeshakuambia.

Nitaanza mwanzo, pamoja na yale ambayo hukuyaona, maana Jumamosi wewe ulikuwa kwenye usukani na dereva huona barabara tu.

Mjomba alipotangaza kwamba ameuza malori yake na sasa anataka gari la kifahari lenye mbio, wewe ulicheka, na mimi nilitafuta kalamu. Mtu amevuka miaka sitini, anaishi Kisarawe mjini, mikorosho yake iko Marui mwisho wa njia ya mchanga, na maisha yake yote ameendesha malori yanayopitwa na kila kitu chenye magurudumu. Leo anataka gari ambalo ukiligusa tu linakubandika mgongo kwenye kiti. Nilitamani sana kujua kwa nini. Sikumwuliza. Unaujua utaratibu wa kwetu: kaka mkubwa huulizwa umeamkaje, umekula, utakuja lini. Haulizwi kwa nini. Katika kazi yangu nimewauliza mawaziri kwa nini, nimewauliza makandarasi na wakuu wa vituo, wengine wakanifukuza ofisini, na kesho yake nikarudi. Hemedi sijawahi kumwuliza. Basi nikafanya ninachofanya habari inapokuwa na mlango uliofungwa: nikazunguka nyuma. Nikaanza kuyachunguza magari, nikitumaini magari yatanieleza habari za mnunuzi.

Yalikuwa mawili, unayakumbuka. Jeusi la Kijerumani na la kijani iliyokolea la Kiingereza. Yote yametumika nje kabla ya kuja kwetu, yote yana injini ya silinda nane yenye turbo, yote yana viti vya ngozi vinavyopashwa joto, kitu ambacho Pwani hii sijui ni cha nani. Kwenye karatasi yalikuwa ndugu. Nilikaa na zile karatasi jioni nzima nikitafuta tofauti, na nilichopata ni kwamba jeusi linafika mwendo wa mia mapema kidogo, na la kijani linaweza kuvuka maji ya kina kirefu zaidi. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho Hemedi alihitaji kimojawapo.

Dalali wetu, Maganga, aliyaleta pale Maili Moja saa ya chai. Ulimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeomba kura, kisha akaanza biashara.

"Mama mwandishi, hili jeusi likikohoa tu, uko Chalinze."

"Na la kijani?"

"La kijani halikohoi. La kijani linasafisha koo, kama padri kabla ya mahubiri."

Mjomba akamwambia, "Wewe mla michembe ya viazi, gari la padri umelijulia wapi? Kwenu Tabora si mnatembea tu?"

"Tulitembea mpaka huku kuja kuwafundisha nyinyi kulima," Maganga akajibu. "Hamkufundishika. Mzaramo akivuna anacheza ngoma, asipovuna anauza shamba acheze hiyo hiyo ngoma."

Walianza hivyo, na kila tuliposimama waliendelea, mpaka Marui. Nakuandikia maneno yao kwa sababu ya kitakachofuata. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo dada hana.

Utaratibu wa majaribio niliuweka mimi, na nilijivunia. Njia moja, watu wale wale, mzigo ule ule, na kila gari liulizwe maswali yale yale. Kutoka Maili Moja hadi Mlandizi na kurudi, kisha Kiluvya, tukate kwenda Kisarawe, tushike barabara ya Maneromango, tumalizie kwenye mchanga wa Marui. Wewe uanze na jeusi, mimi na la kijani, tubadilishane Kisarawe. Mjomba akasema atapanda kwako, Maganga akapanda kwangu. Tulipobadilishana, akahama na wewe. Niliandika pembeni: anataka kumwona mpwa wake anavyoendesha. Nilidhani nimeelewa.

Barabara ya Morogoro haikutusaidia. Umbali wote ule, ukitoa kipande kifupi kabla ya Mlandizi, tulikuwa nyuma ya malori ya saruji, na palipokuwa wazi palikuwa na kibao cha hamsini na askari chini ya kivuli. Yule aliyekusimamisha Visiga alilizunguka gari mara mbili kabla ya kukuomba leseni. Nilisikia alivyokuambia, maana nilikuwa nimesimama nyuma yako na dirisha wazi: "Dada, hata mimi ningekuwa nalo ningelikimbiza. Lakini hapa ni hamsini kwa wote." Sitakuuliza ulikuwa unakwenda ngapi.

Kile kipande kifupi ulikitumia. Nililiona jeusi likichuchumaa nyuma kama paka, kisha halikuwepo. Uliposhuka Mlandizi macho yako yalikuwa makubwa. "Mama, hii ndinga ni noma! Inaruka!" Mjomba alikuwa bado amekaa ndani, kiti cha kushoto, mikono juu ya mapaja, akitabasamu peke yake. Umri wangu wote sijamwona akitabasamu vile bila kuwepo mtu wa kumtazama.

Matokeo yangu ni haya, kwa kadiri ninavyoweza kuyatendea haki. Jeusi ni gari la dereva. Usukani wake ni mwepesi na mkweli, breki zake zinashika pale pale unapotaka, viti vinakubana kiunoni kwenye kona. Lakini kila shimo unalipata mgongoni, matairi yake ni membamba kama utepe kwenye rimu kubwa, na kwenye ule mchanga kabla ya nyumba ya bibi yako tumbo lake lilikwaruza mara nne nikiwa naliendesha mimi. La kijani ni gari la watu. Ukifungua mlango linajishusha lenyewe ili upande, ukifika kwenye mchanga linajiinua. Linapita kwenye mashimo kana kwamba hayapo. Lakini kwenye kona linayumba kama mtu mzima aliyeshiba, ukikanyaga mafuta linafikiri kwanza, na njia ya Maneromango skrini yake iliganda, ikabaki inawaonesha ramani ya mji wa Ulaya. Maganga alisema ni joto. Kwa mbio, jeusi. Kwa raha, la kijani. Gazeti lingetosheka na hapo.

Mimi sikutosheka, kwa sababu maswali ya mjomba wako hayakulingana na ya mtu anayenunua gari. Wewe ulikuwa unayajibu huku unaendesha, kwa hiyo huenda hukuyapima. Nilikuuliza Kisarawe, tulipobadilishana, alikuwa anauliza nini njiani, ukanitajia: Kioo cha kushoto kinashuka chote? Mkono wa kushikia uko wapi ukikata kona? Sauti ya injini inaingia ndani au inabaki nje? Zima redio, fungua dirisha, kanyaga tena. Hakuuliza gia. Hakuuliza usukani mzito au mwepesi. Mtu aliyeendesha malori miaka thelathini na zaidi, aliyekufundisha wewe mwenyewe kubadili gia kwenye lori la kokoto baada ya baba yako kufariki, alizunguka siku nzima na magari mawili ya ndoto na hakuomba kuendesha hata mita moja.

Jibu lilitoka Marui, wewe ulipoingia ndani kumsalimia bibi na kumsaidia kukaanga korosho. Tulibaki uani watatu. Maganga alimrushia mjomba ufunguo wa jeusi, kwa utani, kama mtu anavyomrushia mwenzake kiberiti. Ufunguo ulimpita kando ya bega ukaanguka mchangani. Mkono wake haukuinuka kabisa.

Maganga akapiga kelele za furaha. "Haya! Mzaramo kipofu! Gari la mbio hivi, utaliona wapi? Si bora ununue punda, yeye njia anaijua!"

Ulikuwa utani mzuri, na kwa kawaida Hemedi angemrudishia kitu kuhusu punda na ukoo wa Maganga. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka. Hemedi aliinama, akapapasa mchanga upande ambao ufunguo haukuwepo. Maganga aliacha kucheka taratibu, akaenda, akauokota, akampa mkononi. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mtani, tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana," mjomba akasema. "Mbele naona. Pembeni kunafungwa."

"Hospitali?"

"Wanaita presha ya macho. Dawa ni ya kuzuia tu. Kilichokwisha kwenda hakirudi."

"Na dada yako huyu anajua?"

"Sasa hivi."

Hayo ndiyo yaliyosemwa, na wewe ukatoka na sinia la korosho, na Maganga akaanza papo hapo kulalamika kwamba Wazaramo wanakaanga korosho mpaka zinakuwa mkaa. Nilimshukuru kwa hilo. Sasa unajua kwa nini nguzo ya geti lake la Kisarawe ina doa la rangi ya lori, na kwa nini malori yameuzwa. Sikukuambia Jumamosi kwa sababu haikuwa habari yangu kuitoa. Leo nimemwomba ruhusa, akasema, "Mwandikie. Usitie chumvi." Sijatia.

Mengine aliniambia leo, chungwa likiwa mkononi. Kwamba daktari hajamkataza kuendesha, lakini amejikataza mwenyewe tangu siku ya nguzo. Kwamba kwenye malori alikuwa anapitwa kwenye kila kilima na magari ya namna hii, na kila mara alijiuliza ndani yake kunakuwaje: kunatulia au kunatisha? Anataka kujua hilo wakati bado anaona kioo cha mbele. "Sitaki kuliendesha, Hawa," alisema. "Nataka kupita."

Mwanangu, nimeandika habari nyingi za watu wanaotaka vitu, na nimejifunza kwamba kitu chenyewe mara nyingi ndicho cha mwisho kuelezwa. Mzee mmoja wa Magindu alinishika asubuhi nzima akinieleza ubora wa madume mawili ya ng'ombe ambayo alitaka kuchagua moja kati yake, pembe kwa pembe. Jioni nikagundua kwamba alichotaka ni mwanawe arudi nyumbani kulichunga lile litakalochaguliwa. Nakumbuka nilirudi Kibaha nikiwa nimejaa habari za pembe. Kwa hiyo leo, mjomba wako aliposema hatanunua mpaka wewe useme, niliingiwa na hofu ya aina ile ile. Nilisikia: mpwa wangu asiende. Na kwetu sisi neno la mjomba si dogo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeukalia ukoo huo. Ulipovunja ungo ulichezwa ngoma ya mwali kwa mkono wake. Akikwambia baki, utabaki, nakujua, na utasema kwamba umependa mwenyewe.

Hapa ni lazima nikueleze jambo langu, kwa sababu ndilo lililonifanya leo nivunje utaratibu.

Nilipokuwa na umri unaokaribia wako, chumba cha habari kilinipa nafasi ya kwenda kufungua ofisi Mwanza. Hemedi alikuja, akakaa, akasema, "Ukienda, mama atakaa na nani?" Nikamwambia siendi. Hapo hapo. Hakuniomba, hakunilazimisha, na mimi nilikwenda kazini kesho yake nikawaambia wampeleke mtu mwingine. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumekaa kwenye mkeka bila sababu yoyote, akaniambia siku ile alikuwa amekuja na mpango mzima: mama ahamie kwake Kisarawe, chumba kilikuwa kimeshapakwa chokaa. Alikuwa anaanza kunieleza, na mimi nikajibu kabla hajafika katikati. "Ukawa na haraka ya kuwa mtoto mwema," alisema, akacheka. Mimi nilicheka pia. Sikulala mapema.

Usinisome vibaya. Nilibaki, nikaandika Kibaha na Kisarawe mpaka nikazijua kwa harufu, nikampata baba yako kwenye mkutano wa kijiji ambao hakuna aliyetaka kuuripoti, nikakupata wewe. Silii. Lakini nina udadisi, na udadisi huo haujanitoka: ningekuwa nani Mwanza? Hilo ni swali ambalo siwezi kwenda kuliripoti popote. Wewe nakutakia mengine, ya kwako, lakini si hilo.

Basi leo nilimwuliza kaka yangu kwa nini. Mara ya kwanza. Chungwa lilisimama hewani.

"Kaka, kwa nini unamwuliza Saada gari wakati anaondoka? Unataka abaki akuendeshe?"

Alinitazama sana, kichwa akikigeuza kidogo kama anavyofanya siku hizi ili anipate katikati ya macho.

"Hawa," akasema, "nimeuliza gari. Sijauliza mtoto."

"Nani ataliendesha?"

"Kijana wa Maganga. Nimeshamjaribu, anakanyaga kama bibi harusi, lakini atajifunza. Saada akija likizo ataendesha yeye. Sasa mimi nikinunua la kijani, halafu akaja, akakuta gari la kuyumba, si atalala tu likizo nzima? Na nikinunua jeusi, na yeye akiwa huko mgodini amezoea malori makubwa kama nyumba, si ataliona kitoto? Mwulize. Mimi mgongo wangu ni mzima, lolote nitakaa."

"Na kama hatarudi likizo hata moja?"

"Basi nitakuwa na gari zuri."

Huo ndio ushahidi nilionao, wote. Nimeuandika kama alivyousema. Kama nyuma yake kuna neno jingine, mimi sikulisikia, na nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza waziri yeyote. Inawezekana yuko mpweke na hajui kulisema. Inawezekana pia ni mtu anayependa magari, na amechagua mwenzake wa kuyapenda naye. Mara nyingi nimeona watu wakikataa sababu nyepesi kwa kuwa haionekani nzito vya kutosha. Wewe umekaa naye ndani ya lori kuliko mimi. Pima mwenyewe.

Ninachokuomba ni kimoja: jibu alichouliza. Usimpe jibu la swali lililo kichwani mwako kuhusu shukrani, au macho yake, au mimi kubaki peke yangu Visiga. Hayo, akitaka kuyauliza, ana mdomo, na mimi pia ninao. Ukimwambia jeusi, mwambie kwa sababu ya zile breki na kile kipande cha Mlandizi. Ukimwambia la kijani, mwambie kwa sababu linajishusha na kwa sababu mchanga wa Marui hautakuwa lami katika maisha yetu. Ukimwambia hayafai yote mawili, mwambie hivyo hivyo, atakasirika siku mbili na Maganga atakasirika zaidi. Lakini usiseme, "Lolote lile mjomba, utakalopenda wewe." Hilo litamwumiza. Mtu anayeanza kupoteza pembe za dunia anataka aambiwe kitu chenye ukingo.

Mimi nina maoni yangu kuhusu magari hayo na sitakuambia. Nimegundua nayapenda zaidi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na nilikanyaga jeusi kwenye barabara ya Maneromango zaidi kuliko nilivyokiri. Maganga ni shahidi, lakini amelipwa soda.

Jambo la mwisho kuhusu huko unakokwenda. Utakuwa kwenye kiti kilicho juu kama ghorofa, na chini kutakuwa na watu wakubwa kwako ambao hawatasema wanachotaka moja kwa moja, kama sisi tu. Waulize. Uliza kwa heshima, kaa chini kwanza, waache wamalize. Nimechukua muda mrefu kujua kwamba kuuliza si utovu wa adabu, na nimejua hilo leo, nikiwa na mvi, jikoni kwangu.

Nasikia sauti ya Rehema getini, kwa hiyo mmefika, na nywele zako bila shaka zimekubana mpaka nyusi zimepanda. Naifunga barua. Utaisoma kwenye basi, sio hapa, nisije nikakuangalia usoni unavyosoma.

Maganga ameahidi kutoyauza magari yote mawili mpaka Jumamosi adhuhuri. Mjomba atakuwa na simu mkononi Ijumaa, akitoka msikitini. Mpigie wewe.

Mama yako,
Hawa